Uso Mmoja, Mashine Nyingi

Magogoni, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Bakari,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Uko hapo uani unabishana na mamako juu ya chupa ya achari. Yeye anasema itaingia sandukuni, wewe unasema itamwagikia mashati. Itaingia. Nimeishi na mwanamke huyu tangu kabla hujazaliwa na sijaona kitu alichosema kitaingia kikakataa. Jisalimishe mapema, nami nipate kuandika kwa utulivu.

Kesho alfajiri unakwenda. Mambo ya blanketi, ya chakula, ya nani umsalimu na nani umkwepe huko Eldoret nimemwachia yeye, na nakusikia umeshayapata yote, mengine mara mbili. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni jibu. Jumatatu uliniuliza swali nikashindwa kulijibu, na mtu mzima akishindwa na swali la mwanawe hujifanya ana haraka. Nilikwambia nachelewa sokoni. Sikuwa nachelewa popote.

Ulikuwa umesimama mlangoni mwa bafu na taulo begani, shingo na taya zimekuvimba vipele, kazi ya zile nyembe za plastiki za kutupa unazonunua dukani. Kile kiwanda cha maziwa kilichokuajiri kimekwambia kila asubuhi uso uwe safi, unywele hata mmoja usionekane, nawe ulikuwa umeanza kujizoeza mapema. Ukautazama ule ubao wangu ukutani, misumari yake na mashine zangu za kunyolea zikining'inia kwa safu, za chuma zote, za kizamani, zile unazofungua kichwa ukalaza wembe katikati. Ukasema, "Baba, nipe moja."

"Chukua yoyote," nikakwambia.

"Sitaki yoyote. Nataka yako. Ile unayonyolea wewe."

Nikautazama ubao. Zote nanyolea. Leo hii, kesho ile, kwa jinsi nilivyoamka.

"Yangu ni ipi?" nikasema, nikidhani nafanya mzaha.

"Ndiyo nakuuliza, baba."

Nikatafuta viatu vyangu, nikaenda zangu sokoni.

Swali lako si geni katika nyumba hii. Mamako amekuwa akiliuliza kwa namna yake tangu ukiwa mdogo. "Mtu ana uso mmoja," husema kila nikirudi na mashine mpya mfukoni, "nyingine wawanyolea majirani?" Na katika lile kundi letu la WhatsApp la wapenda kunyoa, ambalo wewe hulicheka, hakuna mjadala mwingine unaotukosesha usingizi kama huu. Kuna mzee mmoja wa Port Reitz, alistaafu kazi ya mizigo pale uwanja wa ndege. Kila Ijumaa anatuma picha ya mashine yake. Ileile. Imelazwa juu ya taulo lilelile. Anaandika chini yake, "Mshika mbili moja humponyoka." Basi kijana mmoja wa Bamburi, ambaye ana mashine nyingi kuliko nywele za kidevuni, anamjibu, "Kidole kimoja hakivunji chawa, mzee wangu." Hapo moto umewaka mpaka Jumapili.

Wale wa moja wana hoja yao, nami siidharau. Wanasema kila mashine ina mlalo wake shavuni, ukiuinua kidogo haikati, ukiulaza kidogo inakwangua. Mwenye moja mkono wake umeshajua mlalo huo, hata gizani atanyoa, hata akiwa anawaza bei ya nazi. Mwenye nyingi kila siku ni mgeni. Ni kweli. Lakini mimi napenda huo ugeni. Mtu aliye ugenini hutazama anapokanyaga. Nikishika mashine ambayo sijaishika wiki mbili, akili yangu yote inakuja shavuni, na kwa muda ule mfupi sina cherehani ya mteja inayoningoja, sina kodi ya kibanda, nina povu na chuma na ule mlio wa ndevu zinavyokatika, kama mtu anayefagia ua kwa ufagio wa chelewa. Siku nikiwa nimeamka mzima nachukua ile ninayoiita Shangazi, kwa kuwa haikosi kukwambia ulipokosea. Siku nikiwa nimechoka nachukua ile nzito ya mkono mnene, ambayo hata ukisinzia haikudhuru. Huo ndio utajiri wangu, Bakari. Wengine wana nyumba za kupangisha.

Hayo ningeweza kukujibu Jumatatu palepale mlangoni. Kilichonifunga mdomo ni kingine.

Babu yako alikuwa na mashine moja maisha yake yote. Wewe hukumdiriki, lakini mashine yake umeiona bafuni kwa baba yako mkubwa Omari, kule Mtongwe: ya shaba, weupe wake wa juu umelika pale kidole gumba kilipokuwa kikishika, na mkono wake umepinda kidogo tangu siku ilipoanguka kwenye ukingo wa kisima. Babu alinyoa nayo kila asubuhi baada ya sala, bila kioo, amekaa kwenye kigoda anatazama minazi. Na alinyolea wengine pia. Unajua kwetu bwana harusi hajinyoi asubuhi ya harusi yake, hunyolewa. Kwingine huitwa kinyozi. Kwetu alikuwa Babu. Wanaume wote wa ukoo wetu walipita chini ya mashine ile, akiwemo Kaka Omari, nikiwemo mimi.

Nakumbuka asubuhi yangu kama ilikuwa juzi. Mkeka umetandikwa uani, mimi nimekalishwa kitini na leso mabegani, mashangazi wanapiga vigelegele na kunituza, na Babu amenishika pua kwa vidole viwili anivute mdomo wa juu ukae sawa. Babu hakuwa mtu wa kukushikashika. Sikumbuki kama aliwahi kunikumbatia, na simlaumu, ndivyo walivyokuwa. Lakini asubuhi ile mkono wake ulikuwa usoni kwangu kwa muda mrefu, mwepesi, hauna haraka. Alipomaliza alinipitishia shabu shavuni, lile jiwe la kuzuia damu ingawa damu haikuwepo, akaninong'oneza, "Haya, nenda. Uso ninao mimi, akili iwe yako." Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Nilitaka kulia na nikacheka.

Alipofariki tukangoja arubaini ipite, kisha vitu vyake vidogo vikagawanywa kama ilivyo ada. Kaka Omari ndiye mkubwa, akaanza yeye. Akainua mashine, akaitia mfuko wa shati, akaendelea kuzungumza habari ya kanzu. Mimi nikapewa baiskeli. Ilikuwa baiskeli nzuri, na wote walioniona siku ile wakasema nina bahati. Nikashukuru. Mashine sikuiomba. Mdogo hamwombi mkubwa wake kitu alichokwisha kukitia mfukoni, mdogo hungoja. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilijiona mtu wa adabu sana.

Baada ya hapo ndipo Mama Kadzo akaniita. Unamjua, yule anayeuza masanduku ya mitumba mkabala na kibanda changu pale Kongowea. Alikuwa amefungua mzigo mpya, na ndani ya mfuko wa sanduku moja akakuta kidude cha chuma. Akanijia nacho akidhani ni kipuri cha cherehani. "Fundi, hiki ni cha cherehani ya Singa au cha nini?" Nikakigeuza mkononi. Ilikuwa mashine ya kunyolea, ya mtu wa Ulaya huko, ameisahau ndani ya mfuko wa sanduku nalo sanduku likasafiri. Nikamwambia, "Mama, ukiona kingine kama hiki, usimpe mtu." Tangu siku ile yule mama hauzi sanduku kabla hajaingiza mkono katika mifuko yote. Watu wengine humwona ni mwangalifu. Mimi ndiye mwangalifu wake.

Watu nikawaambia napenda mashine, mimi ni fundi wa cherehani, na wakaniamini. Kumbe kila sanduku lilipofunguliwa nilikuwa natafuta moja tu, iliyo sawa na ya Babu. Nyingine zote zilikuja njiani, kama mtu anayetafuta mbuzi wake aliyepotea akarudi nyumbani na kuku saba.

Na nikaipata. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Mama Kadzo alinipigia simu Jumapili, nikaenda mbio na kandambili. Muundo uleule, nakshi ileile kwenye mkono, hata weupe wake haujalika. Niliimba njia nzima ya kurudi Magogoni. Asubuhi yake nikajifungia bafuni, nikapiga povu kwa brashi mpaka likasimama, nikanyoa. Ilinyoa vizuri sana. Basi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikangoja nihisi jambo, na hapakuwa na jambo, ila mamako anagonga mlango anataka kuoga. Nikatoka nje na uso laini kama wa mtoto na moyo mzito.

Mamako akaniuliza, "Sasa yatosha?"

"Yatosha," nikasema, nikimaanisha.

Mwezi haukuisha Mama Kadzo akanipigia simu kuwa amepata nyingine, ya Kijerumani, ina kitufe chini cha kufungulia mdomo. Niliondoka kibandani nikamwacha mteja amekaa. Hapo ndipo nilipojijua. Nilianza kwa kutafuta, lakini njiani nilikuwa nimeshapenda. Ukija kuulizwa huko kwa nini baba yako ana mashine nyingi, usiwape hadithi ya huzuni. Nusu yake ni Babu. Nusu nyingine ni kitufe cha kufungulia mdomo.

Sasa nikwambie mawili niliyoyakosea, maana uso ulionao umetoka kwangu na ndevu zake pia, hazifugiki, huota viraka viraka kama nyasi za uwanja wa shule.

La kwanza, nilipoanza nilibadilisha vyote kwa siku moja. Mashine mpya, wembe mpya, sabuni mpya ya manukato, na siku niliyochagua ni ya harusi ya dada yako Mwanaisha, binti wa Kaka Omari. Uso ukaniwaka. Sikujua nilaumu chuma, nilaumu sabuni au nijilaumu mwenyewe. Niliingia msikitini na vipande vya karatasi vimenata shavuni, na Kaka Omari, baba wa bibi harusi, mbele ya maulamaa, akaniuliza, "Umepigana na paka?" Tangu hapo nabadilisha kimoja kwa wakati mmoja. Wewe kesho unabadilisha mji, kazi, chakula na hewa kwa mpigo, na hilo siwezi kukuzuia. Ukijikuta mwezi wa kwanza unawashwa na kila kitu na hujui kinachokuwasha ni kipi, usiwe na haraka ya kusema ni Eldoret, wala ya kusema ni wewe.

La pili ni kugandamiza. Wembe wa plastiki umekufundisha kugandamiza, ndiyo maana una vipele. Chuma kina uzito wake, kinataka kushikwa tu. Hilo nililijua shavuni miaka mingi kabla sijalijua kwako. Unakumbuka nilivyotaka ukae kibandani uwe fundi? Ulipotuma maombi ya kusomea vyakula na maziwa nilikucheka mbele ya wageni, nikakuuliza kama ng'ombe nao walisomea kuyatoa. Wakacheka. Wewe hukucheka, na miezi kadhaa tukawa tunasalimiana kama wapangaji. Nilizidi kusukuma. Mamako, ambaye hajawahi kushika mashine yangu hata kuipangusa, ndiye aliyeniambia jikoni, "Wamgandamiza mno mwanao. Utamkata." Nilikasirika siku nzima kwa sababu alitumia maneno yangu. Kisha nikakulipia fomu. Leo nasikia fahari hata nikipita penye duka linalouza mtindi, na wala hujaanza kazi.

Turudi kwenye swali lako. Baada ya Jumatatu nilijaribu kukuchagulia. Jioni zote nilisimama mbele ya ubao, nikashusha hii, nikarudisha, nikashusha ile. Shangazi ingekukata. Ile nzito ni ya mtu mvivu, nawe si mvivu. Ya Kijerumani, nisikudanganye, sikuwa tayari kuachana nayo. Kila niliyoishika nilijua ni nzuri na nilijua siyo uliyoiomba. Wewe ulitaka kitu kimoja kutoka nyumbani, mimi nina ukuta mzima na hakimo. Siku tatu zikapita hivyo, na nikaona aibu kwamba mwanangu ataondoka na wembe wa dukani, nami nina mashine za kuanzisha duka la kinyozi.

Jana baada ya sala ya Ijumaa nikavuka kwa feri, nikaenda Mtongwe.

Kaka Omari nilimkuta nyuma ya nyumba anafua nazi. "Shikamoo, kaka." "Marahaba. Kwema? Wajaje bila kusema?" Tukakaa. Shemeji akaleta chai na mahamri. Tukazungumza habari ya mvua, ya goti lake, ya nyani wanaoharibu mihindi. Chai ikaisha, ikaja nyingine. Neno nililolijia limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Mwisho nikapita pembeni.

"Kaka, kwa nini wewe una mashine moja tu ya kunyolea?"

Akanitazama. "Kwani nina nyuso ngapi?"

"Sema kweli."

"Kweli ndiyo hiyo. Mimi kunyoa sikupendi hata kidogo. Nataka nimalize niondoke. Asubuhi nikiamka jina langu silijui, ndiyo nianze kuchagua mashine? Ningekuwa nazo kama zako ningekosa sala."

Bakari, miaka yote hii nilikuwa nimemjengea kaka yangu jengo kubwa kichwani mwangu. Nilidhani ana moja kwa sababu ameshiba. Nilidhani kila asubuhi akiishika anakaa na baba yetu, ndiyo maana hahitaji nyingine, na mimi ndiye mwenye njaa ninayezunguka na masanduku ya Wazungu. Kumbe mwenzangu anataka kumaliza aondoke.

Nikacheka, na kicheko kikanilegeza ulimi. "Basi naiomba."

"Waomba nini?"

"Mashine ya baba. Si yangu. Ya Bakari. Anakwenda bara Jumapili, ameniomba kitu nami sina."

Akaweka nazi chini. Akainuka, akaingia ndani, akakaa huko, na mimi nikawaza kwamba sasa nimevunja adabu, nimemkosea mkubwa wangu uzeeni. Akarudi ameifunga kwenye kitambaa, pamoja na jiwe la shabu.

"Wallahi siku ile niliichukua kwa kuwa ilikuwa juu ya vitu," akasema. "Na yangu ilikuwa imevunjika. Nilidhani weye wataka baiskeli."

"Baiskeli niliitaka kidogo."

"Baadaye nikakuona. Kila ukija hapa waingia bafuni wakawia, na hukuja kuoga. Nikasema, huyu akiitaka atasema. Mbona hukunambia?"

"Wewe ni mkubwa wangu, kaka. Ningekuombaje?"

"Na mimi ni mkubwa wako," akasema, "ningekupaje kitu hujakiomba, ukadhani nakusimanga?"

Nikaipokea. Wazee wawili wenye mvi, tumekaa juu ya makumbi ya nazi, kila mmoja na adabu zake.

Nilikuwa nimekwenda na ile pacha yake mfukoni, ile niliyoipata kwa Mama Kadzo, ili asibaki mikono mitupu. Nikampa. Akaigeuza, akaifungua kichwa, akaifunga.

"Hii ni ileile."

"Si ileile, kaka."

"Yanyoa?"

"Yanyoa."

"Basi ni ileile," akasema, akaitia mfuko wa shati, akarudi kwenye nazi zake. Na nilipomtazama sikuona kama amepoteza kitu. Watu wa moja na watu wa nyingi tumezaliwa tumbo moja, na hakuna kati yetu aliye bora. Nimerudi nyumbani nimemaliza ugomvi huo, ingawa mzee wa Port Reitz sitamwambia.

Jibu langu kwako basi ni hili. Yangu haikuwa kwenye ubao. Ulipouliza ni ipi nilikasirika kidogo, kwa sababu ulikuwa umegusa penyewe. Lakini nimelifikiria sana swali lako tangu jana, na kinachonipa raha si mashine. Ni kwamba uliomba. Ulisimama pale na vipele vyako, ukasema wazi unachokitaka, sitaki yoyote, nataka yako. Mimi kwa baba yangu sikuweza, na kwa kaka yangu imenichukua mpaka mvi. Sijui wewe umejifunzia wapi. Si kwangu. Labda kwa mamako, ambaye ananiomba tangu tuoane niuze nusu ya mashine zangu na hajachoka. Popote ulikojifunza, usiache kuomba. Huko uendako kuna watu wema wengi watakaokuwa wanangoja useme.

Mashine ya Babu imo chini kabisa ya sanduku lako, ndani ya soksi za sufi alizokufumia mamako, karibu na hiyo achari ambayo nasikia imeshaingia. Wembe nimeutoa, nimeziweka nyembe kando kwenye pakiti yake. Shabu pia imo. Usishangae mkono wake kupinda, kidole chako kitapata mahali pake penyewe, pameshachimbwa.

Nina jambo la kukiri, nalo ni la leo. Asubuhi, ulipokuwa umelala, niliichukua nikaenda nayo uani, nikakaa kwenye kigoda bila kioo kama alivyokuwa akifanya yeye. Nilisema nitainyolea mara moja tu kabla sijaifunga. Hakuna minazi hapa, nilitazama ukuta wa jirani na nguo zake. Nikaishika pua yangu mwenyewe kwa vidole viwili. Nikafika chini ya kidevu, nikawa namwona Babu, nikasahau, nikagandamiza. Imenikata. Kwa hivyo kesho ukiniaga ukaona kidonda, usiulize mbele ya mamako. Nimeshamwambia ni paka.

Sikuumia. Nilikaa pale mpaka povu likakauka usoni, na ule uzito niliotoka nao bafuni zamani, siku ya ile pacha, sikuuona tena. Imenitosha. Sitaitaka tena, na wala usiwe na wasiwasi kwamba umeninyima. Nyoa nayo katika baridi ya huko, nyoa ukiwa na haraka, nyoa ukiwa hujui jina lako kama baba yako mkubwa. Ukitaka kuwa na moja, hiyo yatosha maisha mawili. Ukianza kununua nyingine nitajua damu imefuata mkondo, na Mama Kadzo nitamwambia aongeze bidii.

Asubuhi zote nimekupa. Nimejibakishia moja tu. Ukipata mchumba, asubuhi ya harusi yako uje na mashine hiyo. Mkeka utatandikwa hapo uani, mashangazi watapiga vigelegele, na wewe utakaa kimya, kwa sababu nitakuwa nimekushika pua.

Baba yako